Mbio za Farasi Mashambani: Nani Alifanya Kazi?



Katika kikao cha kamati yetu hapa Kizuka tulikuwa tukipanga mashindano ya mitumbwi kwa ajili ya Sikukuu ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei. Mazungumzo yote yalikuwa juu ya zawadi: nani apewe jembe, nani apewe kitenge, nani apewe kombe. Ndipo mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza: "Na sisi tuliopika mwaka jana, tumeandikwa wapi?"

Tukafungua daftari. Waliopiga makasia waliandikwa wote, na wenye mitumbwi pia. Waliochota maji, waliosonga ugali na kukaanga ndagala, waliosafisha ufuko tangu alfajiri, hakuna hata mmoja. Kosa hilo lilikuwa letu, na jibu hatukuwa nalo.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tueleze katika ukurasa huu jinsi siku ya mashindano inavyopangwa, na kazi yake inavyogawanywa. Mfano tuliouchagua watoka mbali kidogo: ni mbio za farasi ambazo walowezi wa Kizungu walizifanya katika miji midogo ya nyanda za juu za Kenya, mwanzoni mwa karne ya 20. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, wale watu walipenda sana kuandika. Kila ratili na kila rupia iliwekwa kitabuni, hivyo ni rahisi kuona nini kiliachwa. Pili, habari ya farasi hao inagusa historia ya mwambao wetu kuliko tunavyodhani.

KWA NINI FARASI HAWAKUFIKA KWETU

Mtu akitoka Kizuka kwenda Rumonge mjini, na kutoka Rumonge kwenda Nyanza-Lac, ataona ng'ombe, mbuzi, baiskeli na malori ya mawese. Farasi hataona. Watu wengi hudhani sababu ni umaskini tu. Lakini iko sababu ya zamani zaidi, nayo ni inzi aitwaye mbung'o, au ndorobo. Inzi huyu hufyonza damu, na katika kufyonza hutia mwilini vijidudu viletavyo malale kwa binadamu na ugonjwa wa kukonda kwa wanyama. Farasi ndiye mnyama dhaifu kuliko wengi mbele ya ugonjwa huo. Akishaumwa, hukonda, huvimba miguu na tumbo, na mara nyingi hufa baada ya wiki au miezi michache.

Mwambao wa Tanganyika, wenye vichaka na kivuli kando ya maji, ulikuwa makao ya mbung'o. Wajerumani waliotawala Urundi hadi mwaka 1916 walifungua kambi za wagonjwa wa malale mwambaoni, na wakaamuru vichaka vya kando ya maji vikatwe. Waliokata ni wazee wetu. Basi katika nchi kama hii farasi hakuweza kuwa chombo cha safari wala cha mchezo. Mzigo ulikwenda kwa mtumbwi, au ulikwenda juu ya kichwa cha mtu. Hilo la kichwa cha mtu tutalirudia.

MBIO ZILIVYOANZA KENYA

Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Ilifika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Kisumu kwenye ziwa Viktoria. Nyuma ya reli wakaja walowezi. Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa kwa mkataba wa mwaka 1904, kisha wakaondolewa Laikipia kwa mkataba wa mwaka 1911. Ardhi yao ikagawanywa kuwa mashamba ya Wazungu, na ndipo ilipo miji kama Nakuru na Njoro.

Nyanda hizo ni za juu, zina baridi, na sehemu kubwa haina mbung'o. Farasi aliweza kuishi, ingawa kwa taabu. Palikuwa na ugonjwa mwingine uitwao ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao siku hizi twajua kwamba huenezwa na usubi wanaouma usiku. Wakati ule walowezi hawakujua sababu yake, lakini walijifunza kwa hasara kwamba farasi lazima aingizwe zizini kabla ya jua kuzama. Baadhi yao walijaribu hata kumfuga pundamilia na kumzalisha na farasi, wakitumaini kupata mnyama asiyedhurika na maradhi ya nchi. Jaribio hilo halikufika mbali.

Farasi wadogo waliletwa kutoka Usomali na Uhabeshi. Wakubwa waliletwa kwa meli kutoka Uingereza, Bara Hindi na Afrika Kusini. Katika miaka ya kwanza ya karne ilianzishwa East African Turf Club mjini Nairobi, ambayo baadaye ikaitwa Jockey Club of Kenya. Nairobi ikawa na kiwanja chake, na miji ya mashambani kama Nakuru na Eldoret ikawa na vyake. Hata leo mjini Nakuru mtaa mmoja huitwa Racetrack, na Eldoret iko kata iitwayo Racecourse. Farasi wamekwisha kuondoka, majina yamebaki.

KAMATI NA TAREHE

Mashindano ya mashambani yalianza mezani, miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Walowezi wa wilaya walichagua kamati, na kamati ikagawa madaraka. Palikuwa na wasimamizi wakuu ambao neno lao lilikuwa la mwisho katika ugomvi wowote. Palikuwa na msimamizi wa kiwanja, mwanzishaji wa mbio mwenye bendera, mwamuzi wa kukaa kwenye nguzo ya mwisho, mtu wa mizani, mtu wa kugawa uzito, na mweka hazina. Kila mmoja alijua mpaka wa kazi yake. Mwanzishaji hakuruhusiwa kuamua mshindi, wala mwamuzi hakuruhusiwa kuanzisha mbio. Jambo hili ni zuri, nasi twaweza kuliiga bila haya.

Kamati ilipaswa kufuata kanuni za klabu kuu. Kwa desturi ya Kiingereza, farasi aliyekimbia katika mashindano yasiyotambuliwa aliweza kufungiwa asikimbie katika yale yanayotambuliwa. Hivyo hata kamati ya mji mdogo ililazimika kuandika barua, kuomba tarehe na kupata kibali.

Tarehe nayo ilikuwa hesabu ngumu. Masika hayafai, maana kiwanja hugeuka tope na magari ya ng'ombe hukwama njiani. Wakati wa mavuno haufai, kwa kuwa kila mwenye shamba anataka watu wake shambani. Tarehe isigongane na juma kubwa la mbio la Nairobi. Zaidi ya hayo lazima iafikiane na siku za treni, kwa sababu farasi wa mbali na wageni walifika kwa reli. Mahali ambapo reli haikufika, kama Eldoret kabla ya mwaka 1924, farasi alikuja kwa miguu yake.

KIWANJA

Kiwanja kilitafutwa mahali tambarare, karibu na mji na maji. Kipimo cha kawaida kilikuwa mzunguko wa maili moja au zaidi kidogo. Nyika haikuwa tayari kwa farasi wa mbio. Palikuwa na vichuguu vya kubomolewa, na mashimo ya muhanga na ngiri ya kufukiwa. Shimo moja lililosahauliwa chini ya nyasi lilitosha kuvunja mguu wa farasi na shingo ya mpandaji. Nyasi zilifyekwa, visiki viking'olewa, mawe yakiokotwa. Kisha nguzo zikasimikwa, na kamba au fito zikafungwa penye kona na penye mwisho.

Tufanye hesabu yetu wenyewe, sisi tunaojua kazi ya kufyeka chini ya michikichi. Tuseme kiwanja kina urefu wa kilomita 2 na upana wa mita 20. Hilo ni eneo la mita za mraba 40,000, yaani hekta 4. Mtu mmoja akifyeka kipande cha mita 20 kwa 25 kwa siku, kazi hiyo ni ya siku 80 kwa mtu mmoja, au ya siku 8 kwa watu 10. Hapo hatujahesabu visiki, vichuguu wala mashimo. Nyasi zenyewe hazikungoja. Mvua moja ikinyesha, hufyekwa tena.

RATIBA NA MIZANI

Kamati ilichapisha ratiba ya mbio tano au sita kwa siku. Mbio hazikuwa za namna moja. Iliwezekana kuwa na mbio ya farasi wadogo, mbio ya farasi waliozaliwa nchini, na mbio ya wapandaji wasiolipwa. Ukubwa wa farasi ulipimwa kwa viganja, yaani upana wa mkono, ambao ni inchi 4, kutoka ardhini hadi juu ya bega. Aliyezidi viganja 14 na inchi 2, kama sentimita 147, hakuhesabiwa kuwa farasi mdogo.

Kazi iliyohitaji akili zaidi ilikuwa ya kugawa uzito. Wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba farasi hodari huongezewa mzigo makusudi. Maana yake ni kuwafanya wote wafike karibu pamoja, ili mbio iwe na utamu na matokeo yasijulikane mapema. Mgawa uzito husoma matokeo ya zamani ya kila farasi, kisha husema: huyu abebe ratili 140, yule abebe 120. Mpandaji akiwa mwepesi, vipande vya risasi hutiwa katika mifuko ya tandiko mpaka uzito utimie. Wajuzi wa Kiingereza huhesabu kwamba katika mbio ya maili moja, ratili mbili au tatu ni sawa na urefu wa farasi mmoja mwishoni.

Mpandaji alipimwa kwenye mizani kabla ya mbio, pamoja na tandiko lake. Baada ya mbio alipimwa tena, na kabla ya hapo hakuruhusiwa kugusa kitu kingine. Uzito ukiwa pungufu, ushindi ulifutwa. Hivyo mnyama mwenye uzito wa kilo 450 hivi alipimiwa mzigo wake mara mbili, naye alikuwa anaubeba kwa muda usiofika dakika mbili.

FEDHA

Kabla ya mwaka 1920 fedha ya Kenya ilikuwa rupia. Fedha za mashindano zilitoka katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni ada ya kuandikisha farasi. Aliyejitoa baadaye alipoteza ada yake au sehemu yake. La pili ni kiingilio cha watazamaji. La tatu ni vikombe na michango ya wenye mali. La nne ni kamari.

Njia moja ya kamari ni rahisi kuieleza. Fedha zote zilizowekwa juu ya farasi wote hutiwa katika mfuko mmoja. Kamati hukata sehemu yake kwanza. Kinachobaki hugawanywa kwa wale waliomtaja mshindi, kila mtu kwa kadiri alivyoweka. Tuseme zimewekwa rupia 1,000 na kamati imekata 100. Zimebaki 900. Kama waliomtaja mshindi waliweka jumla ya rupia 300, kila rupia moja yarudi tatu. Mchezaji hushinda au hushindwa, lakini mkataji wa sehemu ya kwanza hashindwi kamwe. Wale vijana wetu wanaotumia mshahara wao katika michezo ya bahati na watafakari hesabu hii.

Sasa linganisheni. Miaka ya kabla ya vita vya 1914, mfanyakazi wa shamba la mlowezi alipata kiasi cha rupia nne au tano kwa mwezi. Kodi ya kibanda ilikuwa imefika rupia tatu kwa mwaka, na mwenye vibanda zaidi alilipa zaidi. Kodi hiyo ndiyo iliyomtoa mtu kwao akatafute kazi. Akisha kuandikwa, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906 iliruhusu apelekwe mahakamani na kufungwa endapo ataiacha kazi kabla ya muda wake. Ndipo tunaelewa fyekeo lile la hekta 4 lilipata watu kwa njia gani.

SAFARI YA FARASI NA KAZI YA SAISI

Mtunza farasi huitwa saisi. Saisi aliamka kabla ya farasi na kulala baada yake. Mara nyingi alilala papo hapo zizini. Kazi yake ilikuwa kuondoa samadi, kutandika majani makavu, kuchota maji, kupima chakula, kupiga msasi, kukagua kwato, na kumtembeza farasi alfajiri. Zaidi ya yote alikuwa macho ya mwenye farasi. Farasi hawezi kusema kwamba anaumwa. Anayeona kwamba leo hakumaliza chakula chake, au kwamba mguu una joto kuliko jana, ni saisi.

Siku za mashindano zilipokaribia, saisi alisafiri na farasi wake. Kwa treni, alikaa naye ndani ya behewa, akimtuliza kila breki ziliposhikwa. Kwa njia ya miguu, alimwongoza hatua kwa hatua, polepole, maana farasi akifika amechoka hakuna mbio. Jua lilipotaka kuzama ilibidi apatikane mahali pa kumfunika na kumkinga.

Hesabu nyingine. Farasi mmoja hunywa lita 40 hivi kwa siku, na zaidi kama ni joto. Wakikusanyika farasi 30, hizo ni lita 1,200, yaani madebe 60 ya lita 20. Kwa siku tatu ni madebe 180, na kila debe limechotwa na mtu. Hapo hatujasema juu ya maji ya kupikia wageni, ya kuoga, na ya kumwagia vumbi.

Katika wafanyakazi hao wote yuko mmoja ambaye jina lake twalijua vizuri. Beryl Markham, binti wa mfuga farasi wa Njoro, alikuwa mwalimu wa farasi wa mbio tangu ujana wake, na mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake kwa ndege. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1942 alimwandika rafiki yake wa utotoni, mtoto wa Kinandi aitwaye Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa akaitwa arap Ruta. Walicheza pamoja wakiwa watoto. Walipokua, mmoja akawa bwana wa zizi na mwingine akawa mtumishi wake, akitunza farasi, na baadaye hata ndege. Arap Ruta alibahatika kuandikwa. Maelfu wa namna yake hawakuandikwa.

SIKU YENYEWE

Asubuhi ya mbio kiwanja kilikaguliwa kwa miguu mara ya mwisho. Hema la vinywaji lilikuwa tayari, wapishi wako jikoni tangu usiku, na mizani imejaribiwa. Watazamaji walitengwa kwa rangi: Wazungu jukwaani chini ya kivuli, Wahindi mahali pao, Waafrika ng'ambo ya kamba.

Kengele ikalia, wapandaji wakapimwa, masaisi wakawatembeza farasi duarani ili watu wawaone. Kisha wakaenda mwanzoni. Katika viwanja vya mashambani mbio zilianzishwa kwa bendera, na si rahisi kuwapanga sawasawa wanyama wanane wenye woga na hasira. Bendera ikashuka. Baada ya dakika mbili kasoro kila kitu kimekwisha. Mwamuzi akatangaza mshindi na kipimo: ameshinda kwa kichwa, kwa shingo, au kwa urefu wa farasi mmoja na nusu. Mwenye farasi akapokea kikombe, akapigiwa makofi. Saisi akampokea farasi mwenye kutoka jasho, akamfuta, akamtembeza mpaka apoe, akampa maji kidogo kidogo.

Jioni walowezi walicheza dansi. Kesho yake walikwenda zao. Kamba zikafunguliwa, takataka zikaokotwa, samadi ikazolewa. Kazi hiyo nayo ilikuwa na watu wake.

FARASI ALIKUWA NA JINA, MTU ALIKUWA NA NAMBA

Sasa tufungue ratiba iliyochapishwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Kwa kila farasi utasoma jina lake, rangi yake, umri wake, baba yake na mama yake, uzito atakaobeba, jina la mwenye farasi na la mpandaji, na rangi za shati la mpandaji. Nasaba za farasi wa mbio wa Kiingereza zimechapishwa kitabuni tangu mwaka 1791. Farasi aliyezaliwa Njoro aliweza kutajiwa babu wa babu yake.

Saisi hayumo katika ratiba. Lakini tusidhani kwamba serikali ilisahau kumwandika. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, kuanzia mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipewa kipande chenye namba yake, alama za vidole vyake, jina la bwana wake na mshahara wake. Alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mwaka 1921 walowezi walipotaka kupunguza mishahara kwa theluthi moja, Harry Thuku aliwakusanya wafanyakazi wa Nairobi kupinga kipande, kodi na punguzo hilo. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokwenda kumdai nje ya kituo cha polisi walipigwa risasi. Hesabu ya serikali ilikiri vifo 21. Wengine walisema vilikuwa vingi zaidi.

Yako pia mambo ya vita yanayotuhusu sisi wa Tanganyika. Vita vya 1914 vilipofika Afrika Mashariki, majeshi yalileta farasi na nyumbu kwa maelfu. Mbung'o akawamaliza kwa maelfu. Wanyama walipokufa, mizigo ikawekwa juu ya watu. Waingereza waliwachukua wapagazi kwa mamia ya maelfu. Wabelgiji walipoingia Urundi mwezi Juni 1916, nao walitumia wapagazi kwa wingi, na wengi hawakurudi makwao.

Mzigo wa mpagazi wa zamani ulikuwa kama ratili 60, yaani kilo 27. Mtu wa kilo 60 akibeba kilo 27 amebeba karibu nusu ya uzito wake, na ameubeba tangu asubuhi mpaka jioni, wiki kwa wiki. Farasi wa kilo 450 aliyebeba ratili 140, kama kilo 63, amebeba sehemu moja ya saba ya uzito wake kwa dakika mbili. Farasi ndiye aliyekuwa na mtu wa mizani na kanuni ya kumlinda.

Mjini Nairobi iko barabara iitwayo Race Course Road, yenye kukumbusha kiwanja cha zamani cha mbio kabla ya kile cha Ngong kufunguliwa mwaka 1954. Jirani yake ni Kariokor. Jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kama yalivyotamkwa na wapagazi wenyewe. Kwa hiyo yako mahali pamoja majina mawili, la farasi na la mpagazi. La pili lilihifadhiwa na vinywa vya watu.

TUFANYE NINI SISI

Ndugu wafanyakazi wa mwambao, hatukuandika haya ili tuwalaumu farasi, wala ili tuache michezo. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima kwenye michikichi, ziwani au barabarani anastahili siku ya kucheka. Wala hatukatai kwamba wale walowezi walijua kupanga. Kugawa madaraka, kuchagua tarehe kwa hesabu, kukagua uwanja kwa miguu, kupima kabla na baada, kuandika kila senti: hayo yote tuyachukue.

Lakini katika daftari letu tuongeze ukurasa ambao wao hawakuwa nao. Kamati yetu ya Kizuka imekwisha kuamua mambo matatu, nasi twayapendekeza kwa matawi mengine:

1. Orodha ya kazi iandikwe kabla ya orodha ya zawadi. Ufuko utasafishwa na nani, maji yatachotwa na nani, chakula kitapikwa na nani, na baada ya sherehe nani ataokota takataka.

2. Kila kazi ihesabiwe kwa siku na kwa madebe, kama tulivyofanya hapo juu, ili malipo au shukrani yalingane na jasho.

3. Majina ya wote yasomwe hadharani siku ya mashindano, pamoja na majina ya washindi, na yahifadhiwe katika daftari la tawi.

Mwaka huu tumeanza na ukurasa wa mwaka jana uliokuwa mtupu. Tulimwomba yule mama atukumbushe waliopika pamoja naye. Alitaja majina kumi na moja bila kusita, kisha akasema ngojeni, yuko na mtoto aliyekuwa akituletea kuni. Huyo naye tumemwandika.